Chombo Kinachosawazisha Sauti: Asili Yake, Kuundwa Kwake, na Dawa ya Maradhi Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja kidogo ambacho wengi wenu hamjapata kukiona kwa macho, ijapokuwa kila msikilizapo redio mnapata faida yake. Mafundi wakiita kompresa. Asije mtu akadhani ya kuwa twasema habari za ile kompresa ya gereji ijazayo upepo katika magurudumu ya magari. Hii yetu haina habari na upepo. Kazi yake ni kusawazisha sauti. Sauti kubwa huishusha, na sauti ndogo huiacha ikuzwe, hata zote mbili zikamfikia msikilizaji bila ya moja kuidhulumu nyenzake.

Twataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni asili ya chombo hiki, kwa maana kila kilichoundwa na wanadamu kina historia yake. La pili ni jinsi mtu awezavyo kukiunda kwa mikono yake, na kukitengeneza kikiharibika. Wala mambo haya mawili hayako mbali mbali. Ajuaye kompresa ilitoka wapi ndiye atakayejua mahali pa kuitafuta hitilafu yake. Asiyejua atabahatisha tu, kama mtu atafutaye sindano gizani katika nyumba asiyoijua vyumba vyake.

NGOMA NA INANGA

Watu wa Ngara na Biharamulo hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Burundi, ambayo lugha yake na lugha ya Wahangaza hufanana kama ndugu wa tumbo moja, ziko ngoma za kifalme. Mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma hizo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Zikipigwa, kifua cha mtazamaji hutetemeka. Lakini nchi hiyo hiyo ina inanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa ubao mfano wa sinia refu, na mpigaji wake huimba kwa kunong'ona. Wahaya, walio kaskazini ya mkoa wetu wa Kagera, nao wana enanga yao, ambayo kwayo waimbaji husimulia habari za mashujaa wa kale.

Aketiye karibu na mpiga inanga husikia kila neno, na asimamaye karibu na ngoma huweza kurudi nyuma hatua ishirini akipenda. Masikio na miguu yake humsaidia kusawazisha. Je, mtu akitaka kuzipeleka ngoma na inanga hewani kwa njia moja, zimfikie msikilizaji wa Rulenge au Nyakanazi aliyelala kitandani kwake, bila ya huyo kuinuka kila mara kukizungusha kifundo cha redio, atafanyaje? Swali hilo ndilo lililoizaa kompresa.

MKONO WA MTU

Hapo mwanzo kompresa ilikuwa mkono wa mtu. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kutangaza mwaka 1922, na katika miaka ile kazi ya kusawazisha sauti ilikuwa ya fundi aliyeketi mbele ya mita, mkono wake juu ya kifundo. Mwimbaji akipaza sauti, fundi alikizungusha kifundo kuishusha. Mzungumzaji akinong'ona, alikizungusha kuipandisha. Kazi hii ilitaka akili, wala haikuwa ya mtu mvivu. Fundi mwema alikuwa na karatasi ya muziki mbele yake, apate kujua mapema mahali ambapo tarumbeta zitaingia.

Taabu hiyo yote ilikuwa na sababu, kwa maana mtambo wa kurusha matangazo una mipaka miwili. Mpaka wa juu ukipitwa, sauti huvunjika, ikawa na mikwaruzo, na mawimbi yake humwagika katika masafa ya jirani. Mpaka wa chini ukikosa kufikiwa, sauti humezwa na mvumo wa hewani na ngurumo za radi. Ni kama mtu achukuaye ndoo ya maji kichwani akipanda mlima. Ndoo ikijaa mno, maji humwagika njiani. Ikiwa na kikombe kimoja tu, safari yote haina faida.

Sasa, tukiitazama vizuri kazi ya fundi yule, twaona ya kuwa alikuwa akifanya mambo manne. Kwanza, alitazama: jicho lake lilipima sauti ina ukubwa gani. Pili, aliamua: alijua mpaka ambao sauti ikiupita lazima ishushwe. Tatu, alitenda: mkono wake ulikizungusha kifundo. Nne, alisubiri: hakukirudisha kifundo mara moja sauti ilipopungua, bali aliona kwanza kama kelele zimekwisha kweli. Jicho, uamuzi, mkono na subira. Wanafunzi na wayashike maneno haya manne, maana tutayarudia.

Mkono wa mtu ulikuwa na kasoro moja isiyoweza kuponywa kwa mafunzo. Huchelewa. Mhubiri akipiga meza ghafula, jicho huona, akili hupokea habari, mkono huenda. Na wakati huo wote sauti imekwisha kuvunjika hewani.

MKONO WAGEUKA MASHINE

Mtu wa kwanza tutakayemtaja ni Mmarekani Harold Wheeler. Yeye hakushughulika na studio, bali na redio ya msikilizaji. Mwaka 1925 alibuni njia ya kuifanya redio ijipime yenyewe: wimbi likija na nguvu nyingi, redio ijipunguzie nguvu; likidhoofika, ijiongezee. Kwa ajili ya njia hiyo stesheni ya mbali haipotei kabisa usiku, wakati mawimbi yanapopanda na kushuka. Huo ulikuwa mkono wa kwanza usio na mtu.

Katika miaka ya 1930 mafundi wa simu wa Marekani waliitumia fikra ya namna hiyo katika simu za redio za kuvuka bahari ya Atlantiki. Waliyabana maneno kabla ya kuyarusha, yapate kushinda mikwaruzo ya njiani, kisha wakayanyoosha tena yalipofika. Hata mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ikatoa chombo chake cha 110A, kilichouzwa kwa stesheni za redio kizuie sauti isipite mpaka wa juu. Vyombo vya wakati ule vilitumia valvu za kioo, zenye moto ndani yake kama taa, na nyingine ziliundwa hivi kwamba nguvu zake za kukuza zilipungua zilipoamriwa.

Mwaka 1959 Rein Narma, mzaliwa wa Estonia, alitengeneza kwa kampuni ya Fairchild kompresa iliyokuwa na sifa kubwa. Ile ya njia mbili, 670, ilikuwa na valvu 20, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 30, yaani mzigo wa mtu mzima. Ndipo Jim Lawrence wa California, mapema katika miaka ya 1960, akatoa LA-2A. Hiyo ilifanya kazi kwa njia ya ajabu: sauti ilipozidi, iliwasha mwanga ndani ya kijumba chenye giza, na mwanga ule ukaangukia kipande chenye kuhisi nuru, nacho kikaipunguza sauti. Mwaka 1967 Bill Putnam akaleta 1176, iliyotumia transista badala ya valvu, nayo ilikuwa na haraka sana. Tangu hapo mkono ule ukazidi kuwa mdogo na mwepesi, na siku hizi waweza kuwa ndani ya programu ya kompyuta, usioshikika hata kwa kidole.

Ila mashine hizi zote, kubwa kwa ndogo, zafanya mambo yale yale manne ya fundi wa kale. Hatuijui hata moja iliyoongeza la tano.

REDIO YAFIKA KWETU

Katika nchi zetu redio ilikawia kuwafikia watu wa kawaida. Kwanza mashine zilikuwa ghali, tena zilitaka umeme. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready kutengeneza redio ndogo ya bei nafuu, ya pauni 5, ndani ya bati la duara. Kwa umbo lake watu waliiita redio ya sufuria. Tanganyika nayo ilianza majaribio ya matangazo mwaka 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania.

Lakini tazameni ramani. Ngara iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, kwa mwendo wa ndege tu. Sauti iliyosafiri umbali huo ilifika imechoka. Zaidi ya hayo, wasomaji wengi wa habari wana tabia ya kuishusha sauti mwishoni mwa sentensi. Na maneno ya lugha zetu za Kibantu huishia kwa irabu, ambayo mara nyingi hutamkwa kwa ulaini. Basi sehemu ile ile iliyokuwa ndogo kinywani mwa msomaji ndiyo iliyomezwa kwanza njiani. Asiyeijua kompresa ataona jambo hili ni dogo. Sisi twasema si dogo, na sababu yake ni mambo yaliyotukia hapa hapa kwetu.

MWAKA 1994

Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, watu waliokimbia kutoka Rwanda walilivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Katika muda wa siku moja tu, pamoja na usiku wake, walivuka zaidi ya 150,000. Benaco, mahali palipokuwa kimya, pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Katika msongamano ule mume alipotezana na mke, na mtoto akapotezana na mama.

Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo katika Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake ni chenye kuunganisha jamaa. Yalisomwa majina ya waliopotea na ya waliokuwa wakitafuta. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Na neno kwizera ni kuamini na kutumaini. Radio hiyo ilisema na wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na wenyeji pia, habari za afya, za elimu, na za hali ya makwao. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao mwezi wa Desemba 1996, lakini Warundi walikaa kambini miaka mingi baada ya hapo.

Basi fikirini: jina moja lasomwa mara moja. Wasikilizaji ni watu kumi waliokizunguka kiredio kimoja chenye betri dhaifu, na nje mvua yanyesha. Majina mengi ya Kinyarwanda hufanana mwanzoni, yakatofautiana mwishoni. Mwisho wa jina ukimezwa, mama hatajua kama aliyetajwa ni mtoto wake au ni wa jirani. Katika saa kama hiyo, chombo kinachouinua mwisho wa jina kina thamani kubwa kuliko spika zote za arusini.

KUUNDA KOMPRESA KWA MIKONO

Siku hizi zauzwa seti za vipande ambavyo mtu huviunganisha mwenyewe. Kwa wanafunzi twachagua ile inayofanya kazi kwa mwanga, ndugu mdogo wa LA-2A. Sababu zetu ni mbili. Yatumia betri ya volti 9 tu, haina hatari ya kuua kama vyombo vya valvu, vyenye volti mamia ndani yake. Tena kazi yake yaonekana kwa macho, na kilichoonekana ni rahisi kufundishwa.

Moyo wake ni chipu ndogo nyeusi yenye miguu minane, kwa mfano ile iitwayo TL072, ambayo ndani yake mna vikuza sauti viwili. Mguu wa 8 hupewa chanya ya betri, na mguu wa 4 hupewa hasi. Rezista mbili zilizo sawa huigawanya betri katikati, zikatoa volti 4.5, hapo ndipo sauti inapopata kupanda na kushuka bila kugonga dari wala sakafu.

Mkono wa kompresa hii ni LDR, kipande kidogo ambacho ukinzani wake hubadilika kwa nuru. Tuseme mlangoni pa kikuza sauti cha kwanza pana rezista ya omu 10,000, na katika njia ya kurudi pana rezista ya omu 100,000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: sauti yakuzwa mara 10. LDR imefungwa sambamba na hiyo ya 100,000. Ikiwa gizani, ukinzani wake waweza kupita omu milioni moja, basi ni kama haipo. Ikimulikwa hata ukinzani ukashuka mpaka omu 10,000, hapo zote mbili kwa pamoja ni kama omu 9,100, na sauti haikuzwi tena, bali hutoka pungufu kidogo ya ilivyoingia. Kumbe mnong'ono hukuzwa mara 10, na kelele hupita bila kukuzwa! Hiyo ndiyo haki kati ya inanga na ngoma.

Jicho ni kikuza sauti cha pili pamoja na dayodi. Huichukua sauti iliyokwisha kutoka, huipima, na kuigeuza kuwa nguvu iendayo upande mmoja tu. Uamuzi ni kifundo cha kuweka mpaka, pamoja na taa ndogo ya LED; maana taa nyekundu ya namna hiyo haiwaki mpaka ipate kama volti 1.8. Chini ya hapo yanyamaza. Subira ni kapasita, ambayo hujaa upesi na kumwaga umeme wake polepole, ikisaidiwa na tabia ya LDR yenyewe, ambayo huitikia nuru upesi lakini hukawia kurudi katika hali ya giza. Ukiweka kapasita kubwa zaidi, subira huongezeka. Taa na LDR hutazamana uso kwa uso ndani ya kijibomba cheusi, mwanga wa nje usiingie.

Katika kuunganisha, anza na vipande vifupi, yaani rezista na dayodi, ukamalizie na virefu. Angalia mstari ulio kwenye dayodi, alama ya hasi iliyo kwenye kapasita za duara, na kishimo kidogo kinachoonyesha mguu wa kwanza wa chipu. Lehemu iliyoshika vizuri hung'aa na kutandaa kama maji juu ya jani lililolowa. Isiyoshika hukaa kama tone, imefifia. Usiiweke chipu mahali pake kabla ya kupima umeme kwa mita.

MARADHI NA DAWA

Hapa ndipo historia inapolipa karo yake. Kompresa ikikataa kufanya kazi, usianze kubadili vipande ovyo. Uliza: katika wale wafanyakazi wanne wa kale, ni nani aliyelala? Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila ulilolifanya uliandike daftarini.

Ikiwa hakuna sauti kabisa, hakuna aliyelala peke yake, bali nyumba yote haina chakula. Pima betri. Pima mguu wa 8, kisha ule wa 4. Kisha pima mguu wa 1 na wa 7, ambayo ni milango ya kutokea ya vikuza sauti viwili. Ikiwa imeunganishwa na ile nusu ya betri, kila mmoja uwe karibu na volti 4.5. Mmoja ukionyesha volti 9 au sifuri, tatizo liko katika nusu hiyo. Chipu ikiwa ya moto kidoleni, toa betri mara moja, huenda imegeuzwa.

Ikiwa sauti yapita, lakini kelele hazishuki, basi mmoja wa watatu amelala: jicho, uamuzi au mkono. Fungua kijibomba, zima taa za chumbani, upige makofi mbele ya maikrofoni. LED isipowaka, tatizo liko kwenye jicho au uamuzi: tazama kama LED au dayodi imefungwa kinyume, na kama kifundo cha mpaka kimezungushwa hadi mwisho. LED ikiwaka, jicho na uamuzi ni wazima. Mkono ndio uliolala. Toa betri, ifungue LDR upande mmoja, uipime gizani na mwangani. Ikionyesha namba ile ile pote pawili, imekufa.

Ikiwa sauti yote ni ndogo daima, hata mnong'ono haukuzwi, mkono umeshikwa. LED ikiwaka wakati wa kimya, tafuta kapasita inayovujisha umeme. Lakini ikiwa kompresa ni mbovu mchana na nzima usiku, usihangaike na umeme: mwanga wa jua wapenya ndani ya kijibomba. Kizibe kwa utepe mweusi.

Ikiwa kuna mvumo mzito usiokoma, jaribu kwa betri peke yake. Mvumo ukikoma, umetoka katika umeme wa ukutani au wa jenereta. Usipokoma, angalia waya wa maikrofoni na kifuniko chake cha nje, kama kimefungwa kwenye hasi. Sauti ikikatika na kurudi unapougusa ubao kwa kidole, tafuta lehemu isiyoshika. Ipashe moto tena, uiongeze kidogo.

Maradhi ya mwisho si ya vipande, bali ni ya subira. Msemaji akinyamaza, mvua iliyo juu ya mabati yapanda kwa kishindo. Akianza kusema, mvua yashuka. Mafundi husema kompresa yahema. Sababu yake ni kwamba chombo hiki hakijui mvua ni nini wala neno ni nini. Hukiinua kila kilicho kidogo. Dawa yake ni kuongeza kapasita, kupandisha mpaka, na zaidi ya yote, kumsogeza msemaji karibu na maikrofoni. Sauti iliyo njema tangu mwanzo haihitaji kusukumwa sana.

KISICHOJULIKANA NA CHOMBO

Maneno hayo ya mvua yatufikisha kwenye jambo zito, nasi hatuwezi kulipita. Kabla watu hawajalivuka daraja la Rusumo, ng'ambo kule ilikuwako stesheni iitwayo RTLM, iliyoanza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Ilisikika vizuri, na watangazaji wake walijua kuchekesha, tena walipiga muziki uliopendwa. Na kwa sauti hiyo nzuri walichochea mauaji ya Watutsi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa stesheni hiyo mwaka 2003; na mwaka 2007 rufaa iliwapunguzia adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Basi katika eneo moja, kwa muda usiotimia miaka mitatu, redio ilitumika kuwatawanya watu na redio ikatumika kuwatafuta. Vyombo vya kusawazisha sauti havitofautishi kati ya jina la mtu atafutwaye auawe na jina la mtoto atafutwaye arudishwe kwa mama yake. Yote mawili vingeyainua sawasawa. Jicho la chombo hupima ukubwa tu. Ukweli hupimwa na yule aketiye mbele ya maikrofoni, na yule aketiye mbele ya redio akauliza: nani asema, na kwa nini?

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu, mkiwafundisha wanafunzi kuunda kompresa, msiishie kwenye lehemu. Kikundi kimoja na kinong'one majina kutoka mwisho wa darasa, kingine na kipige ngoma karibu na maikrofoni, na kikundi cha tatu, kilicho nje ya mlango pamoja na spika, kiandike majina kinachoyasikia. Kwanza bila kompresa, kisha pamoja nayo. Hesabuni majina yaliyopotea mara ya kwanza, na yaliyopotea mara ya pili. Daftari hilo litawafundisha kazi ya chombo hiki kuliko maneno yetu yote.

Hapa twakomea kwa leo. Mwenye betri ya volti 9 na aihifadhi, na mwenye swali na amwulize mwalimu wake. Kwaherini.